Kibuyu Kilichoibwa na Mtani

Jumanne ndiyo siku ya supu, na siku ya supu Nyumba ya Damu pale Kihesa hujaa kushinda kilabu cha pombe ya ulanzi siku ya mnada. Wagonjwa wenyewe, wote wa saratani ya damu, hawazidi kumi. Lakini kila mgonjwa huja na ndugu zake, kila ndugu na kapu lake, na kila kapu na habari zake. Ukitaka kujua nani kaachika Mlandege na nani karudiwa kimyakimya, huna haja ya kuwasha ukuta wa habari nyumbani kwako. Kaa hapo kidogo, chovya mkono kwenye bakuli la viazi, utaondoka umeshiba pande zote mbili.

Katikati ya kelele hizo, kwenye kiti kipana kilichoelekea mlango, alikaa Blandina Kihwele, msusi anayejulikana Iringa nzima, kibuyu chake cha damu, kama alicho nacho kila mgonjwa, kimefungwa kwa mkanda wa joto chini ya matiti kama mtoto mchanga.

"Tulieni basi, nafungua," alisema Daktari Edina Sanga.

Nani atulie? Daktari akabonyeza tu. Ndani ya kibuyu, ambacho kilikuwa cha kioo kigumu, ukubwa wa ngumi mbili, kikope cha chuma kikafunuka. Punje ya mionzi ikachungulia kwa muda wa kupepesa jicho, kikope kikajifunika tena. Damu iliyokuwa humo, iliyochotwa kwa Blandina asubuhi ile, ilikaa vilevile, nyekundu na nzito, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari akakibandika kisikilizi juu ya kioo. Ni kidude bapa, mfano wa kifuniko cha sufuria, kazi yake kugeuza kemikali zinazotemwa na seli kuwa sauti. Kwanza kimya. Kisha *tik*. *Tik-tik*. Halafu ghafla ukumbi mzima ukasikia kitu kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Haooo!" watu wakalipuka, vigelegele juu.

"Zinasema nini leo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Zinauliza kama yule mbwa wa jana amebaki hata mkia," akajibu Kastori Ngonyani, fundi baiskeli, mgonjwa wa kiti cha jirani. "Seli za Mhehe hizo, zimeamka na njaa."

Blandina hakugeuza hata shingo. "Wewe Mngoni nyamaza. Zako tukiziwekea kisikilizi tutasikia zinaguguna tu. Panya juu ya panya."

Watu wakacheka mpaka bakuli la viazi likapinduka. Wahehe, wanaosingiziwa kula mbwa, na Wangoni, wanaosingiziwa kula panya, ni watani tangu mababu walipochoka kupigana mikuki, na mtani, kama unavyojua, hana adabu kwa mwenzake, na hatakiwi kuwa nayo.

Mama mmoja tu hakucheka. Alikuwa mgeni, Mama Gaudensia wa Ilula, mwanawe Adela alikuwa ameanza matibabu juzijuzi. Alikiangalia kibuyu kama mtu anayeangalia chatu amelala.

"Mwanangu," akamwambia Blandina kwa sauti ndogo, "mbona zinapiga kelele?"

"Sogea hapa mama, nikueleze. Seli zangu mbovu ni wakorofi waliojaza nyumba. Daktari anawachapa wachache tu kwa mionzi. Waliochapwa wanapiga yowe, *jamani tumekwisha!* Sasa wale wa chumba cha pili hawajaguswa hata unywele, lakini wakilisikia yowe lile nao wanaanguka chini kwa kihoro. Unanipata?"

"Nakupata."

"Yowe lenyewe ni majimaji. Daktari anachuja, seli zangu zinabaki huku, yowe peke yake linakwenda kwenye mshipa wa Adela. Hiyo ndiyo supu. Na Adela asubuhi ameshapewa ile dawa nyekundu, nusu ya dozi, seli zake mbovu zimeshalegea magoti. Zikisikia yowe la mtaa wa pili…"

"Zinaanguka!"

"Zinaanguka, mama! Mionzi Adela haimjui. Dawa anapata nusu. Nywele zake zitabaki kichwani, na mimi nitazisuka."

Mama Gaudensia akatabasamu kwa mara ya kwanza, halafu akakunja uso tena. "Na za Adela mwenyewe hazijui kupiga yowe?"

"Zinakufa kimyakimya, kama watu wa nyumba za geti. Za wote humu ni hivyo. Zangu peke yake ndizo za uswahilini."

"Basi wewe si umeshapona?"

"Aaa. Aliyeitunga habari hashtuki akisimuliwa. Supu yangu haininyanyui wala kuniangusha. Mimi naishi kwa dawa ya kupalilia tu, kidogo kidogo, nisizidiwe."

Hapo ndipo Daktari Sanga alipofanya kosa. Alikuwa ametazama majibu ya uboho wa Blandina tangu asubuhi, furaha imemjaa kifuani kama togwa iliyoumuka kwenye chupa, na alishindwa kusubiri watu watoke. Akasema palepale, mbele ya makapu yote:

"Dada Blandina, wakorofi wako wamebaki wachache mno. Safari hii hatupalilii, tunang'oa. Jumatatu tukikupa ile nyekundu dozi kamili, unapona. Ninaposema kupona, nasema kupona kabisa."

Vigelegele vikaanza upya. Mmoja akapiga meza, mwingine akaimba. Halafu, kama moto wa mabua, vikaanza kupungua kona baada ya kona. Kila mtu alikuwa anafikia mahali pale pale kwa kasi yake. Blandina akipona, seli mbovu zimekwisha. Seli zikiisha, kibuyu kitupu. Kibuyu kitupu, supu hakuna.

Aliyebaki akipiga makofi peke yake alikuwa Kastori, na yeye alikuwa anapiga kwa nguvu kupita kiasi.

*

Wiki ile Blandina aliijua adabu, na hakuipenda.

Saluni yake pale Mlandege ilikuwa na viti vitatu na benchi moja, na kwenye benchi ndiko mji ulikuwa unaendeshwa. Sasa akiingia, benchi linanyamaza. Wanawake waliokuwa wakimwita "wewe Blandina, hebu njoo usikie upuuzi huu" walisimama kumpisha. Wakamletea maharage, mayai, mnafu uliokwishachambuliwa. Wote walisema, "Pona dada, Mungu ni mwema," na wote walisema hivyo wakiangalia sakafu.

Mama Gaudensia alikuja kutoka Ilula na kuku jike chini ya kwapa. Aliketi, akanywa chai, akamweka kuku pembeni amefungwa miguu, akaaga. Mlangoni akageuka kama anayetaka kusema neno, akaona heri amshike Blandina bega, akaenda zake.

Afadhali angelia. Afadhali angepiga magoti. Kuku yule alimkalia Blandina moyoni mchana kutwa.

Jioni alikwenda kwa Daktari Sanga. Alimkuta akiwapakia ndege-tarishi vichupa vya supu vya wagonjwa wa Mafinga, vidude vya mabawa manne vikinguruma dirishani kama nyuki wanaosubiri ruhusa.

"Naahirisha," Blandina akasema.

Daktari akaendelea kufunga kichupa. "Huahirishi."

"Miezi sita tu. Adela amalize. Wa Mafinga wamalize. Na yule Mngoni mchafu amalize."

"Keti." Daktari akavua glavu. "Wakorofi waliobaki kwako ni wachache, ndiyo, lakini ni wale wajanja. Kila wiki tunayopalilia bila kung'oa, wanaisoma dawa. Siku wakishaisoma, ile nyekundu kwao itakuwa sawa na chai ya maziwa. Hapo sitakuwa na cha kukupa. Unaelewa? Hutakuwa umeahirisha kupona. Utakuwa umekataa."

"Labda watakuwa wazito wa kusoma."

"Dada, usinichekeshe, nina hasira."

"Basi ziweke kwenye chupa, uzifuge humu."

"Nimejaribu mpaka nimechoka. Nikizitoa kwako nikaziweka peke yao, siku ya kwanza zinapiga kelele, siku ya pili zinanong'ona, siku ya tatu bubu. Nimezibadilishia chakula, joto, nimezipigia hata mionzi ya ziada. Hazisemi." Akajishika kiuno. "Nikikukubalia nikuache mgonjwa kwa sababu ugonjwa wako unafaa watu, mimi si daktari tena. Ni mfugaji, na wewe ni ng'ombe wangu."

Blandina akatazama ndege-tarishi wa mwisho akichomoka dirishani na kupotea kuelekea kusini.

"Na mimi nikipona," akasema, "nitakuwa nani? Yule aliyepita mbele ya nyumba inayoungua na ndoo yake ya maji kichwani, akaenda zake kuoga."

Daktari akafungua droo ya meza. Alikuwa na karanga, wakala wote wawili bila kuzungumza, na hilo kwa Blandina lilikuwa jambo geni kuliko mionzi.

*

Mtu wa nyumba iliyojaa akiwa na uamuzi mzito, hujaza nyumba zaidi. Jumamosi mchana Blandina akapika pilau la sufuria kubwa, akaita mtaa, akaita Nyumba ya Damu, akaita na wasioalikwa popote. Alikusudia kuwatangazia: nabaki, msiwe na wasiwasi, na tafadhali rudisheni midomo yenu michafu.

Kabla ya kutangaza alitaka kucheza kidogo. Kucheza na kibuyu kifuani hakuwezekani, kwa hiyo akakifungua mkanda, akakiweka kwenye kiota chake cha umeme juu ya kabati, kisipoe. Kibuyu hakipendi baridi, na mwezi wa saba Iringa baridi haibishi hodi.

Aliporudi akitweta, kiota kilikuwa kitupu.

"Nani kachukua kibuyu changu?"

Watu wakatazamana. Mtoto akaelekeza kidole ukutani. Ukuta wa habari ulikuwa umewaka wenyewe, na sura ya Kastori imeujaza kutoka dari hadi sakafu, nyuma yake baiskeli zimening'inia kama nyama buchani.

"Mhehe," akasema Kastori, "mtani wako nimekuteka."

Nyumba ikapiga ukelele wa furaha. Hilo lilikuwa halali kabisa. Mtani anaweza kukubebea jeneza asilishushe mpaka ulikomboe kwa kitu. Anaweza kumshika bibi harusi mlangoni. Kibuyu ni nini?

"Sema fidia yako, mla panya!" Blandina akajibu, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile akajisikia mtu. "Jogoo? Beberu?"

"Sitaki jogoo. Sitaki beberu. Dirisha la Daktari lilikuwa wazi, nilisikia unataka kuahirisha. Nataka Jumatatu ukae kwenye kiti cha ile nyekundu, upewe dozi kamili mpaka utapike pilau lote hilo. Ukishapona, njoo uchukue kibuyu chako uwekee maua. Usipokaa, hukioni. Na bila kibuyu hakuna supu, ya miezi sita wala ya siku sita. Kibuyu hukatwa kwa kipimo cha mtu, kingine utakisubiri kutoka Dodoma mpaka mvi zikuote."

Kicheko kikakatika. Sasa wote walielewa. Kastori mwenyewe alikuwa amefika nusu ya matibabu. Alikuwa ameiba supu yake mwenyewe.

"Kastori," Blandina akasema, na sauti ikamtoka bila utani, "usiwe mjinga. Na wewe je?"

"Mimi? Mngoni hafi kwa ugonjwa unaoambukizwa na Wahehe." Akazima ukuta.

Daktari Sanga, aliyekuwa na sahani ya pilau mapajani, akasimama. "Pigeni simu polisi. Hicho ni kifaa cha tiba!"

Nyumba nzima ikamgeukia.

"Polisi?" Mama Gaudensia akasema, mkono mdomoni. "Kwa *mtani*? Daktari, wewe umelelewa wapi?"

*

Jumatatu Blandina hakukaa kwenye kiti. Alikuwa na kiburi chake naye. Akamtumia Kastori ujumbe: rudisha kwanza, tuzungumze. Kastori akajibu: kaa kwanza, nirudishe. Jumanne wote wawili wakaja Nyumba ya Damu, ukumbi umejaa, kila mtu amekuja kuona nani atavunjika kwanza, na hakuna aliyegusa viazi.

Kastori aliingia akitembea kama mjamzito. Tumbo lake chini ya koti la sufi lilikuwa limefura pande mbili.

"Kipo salama," akasema. "Nimekitunza vizuri kuliko mwenyewe."

"Umekitunzaje wewe, huna kiota?" Daktari akauliza.

"Nina mkanda wangu wa joto, si mlinipa wa kibuyu changu? Nimeviweka vyote viwili. Ila betri ni moja, maji ya moto hayafiki kote. Basi nikaona mirija yake inaingiliana, mtu kama mimi ukimwonyesha mirija miwili… nikaiunga. Maji yakazunguka safi, hiki kikiwa na joto na kile kina joto."

Daktari akalifungua koti. Vibuyu viwili vilikuwa vimelala shavu kwa shavu, na kati yao mrija mwembamba, mwekundu.

"Kastori," akasema polepole. "Mrija uliouunga hauzungushi maji ya joto. Unazungusha damu. Umezichanganya seli zako na zake. Tangu Jumamosi."

"Ahaa," akasema Kastori.

"Ahaa! Umeziharibu! Hata zisingechanganywa, leo ni siku ya saba, zimeshakuwa bubu zamani!" Daktari Sanga hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini leo alipiga. Akanyakua kisikilizi, akakibandika juu ya kioo. "Sikiliza! Sikiliza mwenyewe ulichokiua!"

Ukumbi ukasikiliza.

Haikuwa mvua ya mawe. Ilikuwa soko. Ilikuwa soko kuu saa nne asubuhi, lori la nyanya limeingia: *tik* nene na *tik* nyembamba, zikikatizana, zikijibizana, zikipanda juu mpaka kisikilizi kikaanza kutetemeka juu ya kioo kama kifuniko cha chungu kinachochemka.

Daktari akakiondoa. Akakipangusa. Akakirudisha. Soko lilikuwa palepale.

"Haiwezekani," akasema. "Sijazipiga mionzi tangu Jumanne iliyopita. Hizi ni habari za wiki nzima. Kwa nini bado zinasimuliana?"

Blandina akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Daktari, wewe ni msomi, lakini hujawahi kukaa kwenye benchi langu. Habari inakufa lini? Inakufa nyumba nzima ikishaisikia. Ulikuwa unazifungia seli zangu zenyewe kwa zenyewe, zikaambiana siku ya kwanza, siku ya pili kila mmoja anajua, siku ya tatu wataongea nini? Sasa aingie mgeni ambaye hajasikia. Tena mgeni mwenyewe Mngoni! Habari inaanza upya tangu mwanzo, na chumvi juu."

Daktari alikuwa ameshaondoka. Walimwona kupitia kioo cha maabara akichuja, akitia rangi, akiinama, akiinuka. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo zuri na jambo gumu kwenye bakuli moja.

"Seli za Blandina humo zimekufa karibu zote," akasema. "Zinazoongea ni za Kastori."

"Zangu?" Kastori akajigusa kifua. "Si ulisema zangu ni za geti?"

"Zilikuwa. Zimekaa na zake, zimejifunza kupiga yowe. Na yowe lenyewe nimelijaribu kwenye tone la damu ya Adela pamoja na nusu dozi. Zimeanguka, kama zilivyokuwa zikianguka kwa supu ya Blandina. Labda zaidi kidogo." Akamgeukia Kastori. "Kwa hiyo supu ipo. Blandina anaweza kupona leo hii. Lakini…"

"Lakini aliyetunga hashtuki," akamalizia Blandina. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Ndiyo. Kastori akianza kutoa supu, supu haitamtibu tena yeye. Itabidi nimpalilie tu, kama nilivyokupalilia wewe. Na wajanja wake nao wataanza kuisoma dawa."

Hapo kila mtu akaweka kapu lake chini. Hata ndege-tarishi dirishani walionekana kunguruma kwa heshima.

"Basi sikubali," Blandina akasema. "Nilikataa kupona na kuwaacha watu wakiugua. Sasa nipone kwa kumwachia mwingine kiti? Huyo ana watoto."

"Na wewe una nywele za mji mzima," Kastori akasema. "Mhehe, nikuulize. Wewe ulitaka kukaa mgonjwa kwa ajili yetu, tukakuona shujaa. Mimi nikitaka, unaniona mjinga. Kwa nini? Wema mmepewa ninyi peke yenu na chifu wenu wa zamani aliyewaongoza vitani?"

"Mimi nilichagua!"

"Na mimi nimeiba. Kuiba ni kuchagua kwa mkono."

Mtu akapasuka kicheko, akajizuia. Blandina kutoa alikuwa amezoea, alikuwa akitoa tangu ana miaka saba, wali, habari, mkopo wa sukari, bega la kulilia. Kupokea kitu kizito namna ile mbele ya watu, mikono yake haikujua pa kukishikia.

Ni Mama Gaudensia aliyeinuka. "Daktari," akasema, "hizo za Kastori zikikaa na za mtu mwingine, nazo si zitamfundisha?"

Daktari akafikiri. "Sioni kwa nini zisimfundishe."

"Basi Mngoni akae mwezi. Mwezi wa pili anakaa Adela, Mngoni anang'olewa. Adela?"

Kutoka kitini mwake Adela, ambaye tangu aanze hakuwahi kusema neno humo ndani, akasema, "Mimi nakaa. Mradi nisikae karibu na Kastori, ananuka mafuta ya mnyororo."

Sasa ikawa vurugu. Mgonjwa mmoja wa Mafinga akadai kupitia ukuta wa habari kwamba wa tatu ni yeye, mwingine akasema hapana, yeye ni mkubwa kwa umri, wakaanza kugombea kuugua kama watu wanaogombea meza kuu kwenye harusi. Daktari Sanga alilazimika kupanda juu ya kiti.

"Nisikilizeni! Mwezi, hauzidi! Na nikiona wajanja wa mtu yeyote wameanza kuisoma dawa, hata kama ni siku ya pili, namng'oa siku hiyohiyo na supu isimame. Sitafuga mtu humu. Mmenisikia? Atakayetoa, atoe akijua anatoka lini."

"Tumekusikia, mama!"

Akashuka. Akamgeukia Blandina, na hakumwamuru. Alisimama tu karibu na kiti cha ile nyekundu, mkono juu ya egemeo.

Blandina akautazama ukumbi. Walikuwa wanamtazama machoni, wote, bila kuangalia sakafu. Akaenda akaketi. Akakunja mkono wa gauni. Sindano ikaingia, na ile nyekundu ikaanza kushuka kwenye mrija, nyekundu kama juisi ya rosela, polepole, mpaka ikaufikia mkono wake na kuingia.

Kastori alikuwa amekwishahamia kwenye kile kiti kipana kilichoelekea mlango, akijitanua, akijaribu egemeo hili na lile kama chifu aliyetawazwa leo.

"Kiti chenyewe kimebonyea," akalalamika. "Huyu mtu alikuwa anakalia nini, gunia?"

"Kastori," Blandina akaita.

"Nini tena?"

"Asante."

Lilimponyoka. Hakuwa amelipanga. Ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa mshtuko, halafu ukalipuka: makofi, miluzi, sufuria zikigongwa kwa vijiko. Mtani hashukuriwi! Tangu lini mtani akashukuriwa?

"Mmesikia?" Kastori akapaza sauti, kidole juu. "Mmesikia wote? Amenishukuru! Amenivunjia heshima mbele za watu! Faini! Mbuzi mzima, na awe na mkia!"

"Faini! Faini!" wakaitikia.

Blandina akacheka, machozi yakimchuruzika, mkono usio na sindano akiutikisa kukubali kosa. Kastori akaendelea kudai mbuzi wake kwa kelele, kisha ghafla akageukia dirishani na kujifuta uso kwa mkono wa koti, akisema jua la humu ndani ni kali, litamtoboa macho. Huko nje ukungu ulikuwa mzito hata mti wa uani hauonekani.